Soksi zimelowa na hakukunyesha: Sakafu ya mbao Keringet inatoa wapi maji?

Jina Keringet pengine ulilisoma kwanza kwenye chupa ya maji. Kama unafuatilia riadha, unalijua pia kwa sababu ya Faith Kipyegon, malkia wa mita 1,500 anayetoka pande hizo. Lakini ukifika mwenyewe, kwa matatu iliyopanda kutoka Molo abiria wakiwa wamefunga madirisha yote, kinachokupokea ni baridi.

Tuseme umekuja kumwona nyanya, au kogo kama kwenu mnaongea Kikalenjin. Au kazi imekuleta na umepanga vyumba viwili katika nyumba kuukuu ya enzi za walowezi. Nyumba za aina hiyo zipo kuanzia Njoro hadi Molo na Kuresoi. Nyingine ziligeuzwa shule, nyingine ofisi, nyingine bohari, nyingine bado watu wanalala humo. Kuta ni nene, paa ni la mabati, na sakafu ni ya mbao pana zinazolia ukizikanyaga. Picha zake zinatoka poa sana Instagram.

Unalala vizuri. Asubuhi unashuka kitandani, unapiga hatua nne kuelekea dirishani, na soksi zimelowa.

Hakukunyesha usiku. Hakuna bomba linalopita chini ya chumba hicho. Hakuna aliyemwaga kitu. Unapanguza, kufikia saa nne sakafu imekauka, unasahau. Kesho yake maji yako pale pale.

Hapo ndipo ushauri wa bure unapoanza. Fundi wa kwanza anasema mbao zimezeeka, ng'oa zote umwage simiti. Fundi wa pili anataka kupiga msasa na kupaka vanishi mpya. Mwenye nyumba anasema ni wewe unayefulia ndani, na unaona macho yake yakihesabu ile amana uliyolipa ukiingia. Jirani anashusha sauti na kusema nyumba za wazungu zina mambo yake.

Usimkubalie yeyote kwanza. Anayekuuzia tiba kabla ya kujua maji yanatoka wapi anabahatisha kwa pesa zako, na simiti ikishamwagwa juu ya mbao hakuna kurudi nyuma. Mbao zenyewe si za kuchezea. Nyingi za nyumba hizo zilitandikwa mtarakwa, ambao Wakalenjin wanauita tarakwet, au podo, miti ya kiasili iliyokuwa minene kuliko meza yako ya kulia. Ukienda leo kwa muuza mbao utapata saipresi na bluugamu. Ubao wa podo wenye upana ule sahau, zaidi sana baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018.

(Kabla mtaalamu wa miti hajatuandikia kulalamika: ndiyo, kwa hesabu zao mtarakwa na podo haviingii kwenye kundi la mbao ngumu, kwa sababu ni jamaa ya msonobari. Mvule na muhuhu ndizo mbao ngumu halisi, na muhuhu ndio uliotandikwa vipande vipande kwenye sakafu nyingi za zamani za Nairobi. Lakini mwambie hivyo fundi aliyevunja msumari kwenye mtarakwa wa miaka themanini.)

Sasa, maji yanatoka wapi?

Chupa iliyotoka kwenye friji

Chukua ile chupa ya maji tuliyoanza nayo. Itoe kwenye friji, iweke mezani, subiri dakika kumi. Imelowa nje. Chupa haijatoboka na maji yaliyo ndani hayajapenya plastiki. Mvuke uliokuwa hewani umegusa kitu baridi na kugeuka maji.

Sakafu yako inaweza kuwa chupa hiyo. Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10 bila shida. Nyumba hizi za zamani zimeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, kwa hivyo chini ya mbao kunapita hewa ya nje. Mbao zinapoa kutoka chini huku wewe juu ukipika, ukipumua na kuota moto. Tukisema chumba kina nyuzijoto 18 na unyevu wa asilimia 70, kitu chochote humo chenye nyuzi 12 kushuka chini kitaanza kutoka jasho. Kona ya chumba inayogusa ukuta wa nje inafika hapo mapema sana usiku.

Ndiyo maana mahali maji yanapotokea ni ushahidi mkubwa. Jasho la hewa linapenda kona, kando ya ukuta wa nje, karibu na mlango, na chini ya vitu vinavyozuia hewa isizunguke, kama vile kochi, sanduku, na hasa godoro. Vijana wengi tunaanza maisha na godoro chini, hakuna aibu. Lakini mtu mzima akilala hutoa robo hadi nusu lita ya maji kwa pumzi na jasho kila usiku, na sehemu yake inashuka kupitia godoro hadi ikutane na ubao baridi. Inua godoro lako asubuhi uguse chini. Kama ni hapo tu palipolowa, kesi yako imeisha, tafuta kitanda au hata paleti za mbao.

Swali linalofuata ni mvuke wote huo unatoka wapi. Hapa wengi wanashangaa, na mimi pia nilishangaa nilipopiga hesabu mara ya kwanza: unatoka kwenye mtungi wa gesi.

Gesi ya kupikia ina haidrojeni ndani yake. Ikiungua, haidrojeni hiyo inaungana na oksijeni na kuwa maji. Kila kilo ya gesi inayoungua inatoa takriban kilo 1.6 za maji, yaani mtungi wa kilo 6 ukiisha, zaidi ya lita tisa za maji zimeingia hewani mwa nyumba yako. Huamini? Weka sufuria yenye maji baridi juu ya moto wa gesi na utazame nje yake sekunde chache za kwanza. Itajaa ukungu, kisha ukungu utapotea sufuria ikipata joto. Hayo maji yametoka kwenye moto.

Mtungi wa kilo 6 ukikumaliza mwezi, unatumia gramu 200 kwa siku, sawa na theluthi moja ya lita ya maji. Chumba cha mita nne kwa nne chenye kimo cha mita tatu, kikiwa na nyuzijoto 18, hewa yake haiwezi kubeba zaidi ya robo tatu ya lita ya mvuke. Na tayari kilikuwa na mwingine. Ongeza mvuke wa sufuria ya githeri iliyochemka jioni nzima, ongeza nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu nje kuna ukungu, ongeza watu watatu wanaopumua. Hewa inajaa, na kinachozidi kinatafuta mahali pa kutua.

Jaribio la nailoni

Basi tusikisie. Tafuta karatasi ya nailoni isiyopitisha maji na inayoonyesha ndani. Kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kauka nacho mahali panapolowa (panguza kwanza, subiri pakauke), na uzibe pande zote nne kwa selotepu pana. Hakikisha hakuna pembe inayopumua. Kiache usiku mbili.

Ukikuta matone juu ya nailoni na chini yake pakavu, maji yanatoka hewani. Ukikuta matone chini ya nailoni, au ubao umekuwa mweusi hapo, unyevu unatoka ndani ya ubao au chini yake. Ukikuta pande zote mbili zimelowa, pole, una kesi mbili.

Ziba vipande viwili, kimoja penye maji na kingine katikati ya chumba pasipolowa. Bila cha pili huna cha kulinganisha nacho. Piga picha kila asubuhi, saa ile ile, na uandike kwenye simu kama kulikuwa na mvua, nani alipika nini, na dirisha lilifungwa au la. Ukifika siku ya saba utakuwa unaijua nyumba hiyo kuliko fundi yeyote. Picha hizo zitakusaidia pia siku ya kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu amana. Mzungumzishe kwa heshima, mzee ni mzee, lakini uwe na picha.

Jambo moja linalowachanganya watu: sakafu iliyopakwa vanishi juzi inaonekana kulowa zaidi kuliko ya zamani. Ubao mtupu hunyonya jasho hilo taratibu usilione, ila vanishi mpya hailinyonyi, kwa hivyo matone yanakaa juu yaking'aa. Mtu anasema shida ilianza alipopaka vanishi na anamlaumu fundi. Shida ilikuwepo, vanishi imeionyesha tu.

Fungua dirisha, hata kwenye ukungu

Nailoni ikisema ni hewa, tiba yake inasikika kama utani. Nje kuna baridi ya nyuzi 8 na ukungu umekaa hadi mlangoni, halafu nakwambia ufungue dirisha ili ukaushe nyumba.

Tazama hesabu. Hewa ya nyuzi 8, hata ikiwa imejaa ukungu, inabeba takriban gramu 8 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya ndani ya nyuzi 18 inaweza kubeba gramu 15. Ile ya nje ikiingia na kupata joto la ndani, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 54. Hewa uliyodhani ni ya maji imekuwa ndiyo kavu. Kwa hivyo unapopika, fungua dirisha la jikoni na ufunge mlango unaoingia sebuleni. Ukimaliza, acha dirisha wazi robo saa. Utasikia baridi, vaa sweta.

Kinyume chake pia kipo. Baada ya usiku wa baridi kali, jua likitoka saa tatu na hewa ya nje ikapata joto na unyevu, ukifungua milango yote hewa hiyo inakuta sakafu bado baridi. Hapo ndipo unaona sakafu nzima inalowa mchana kweupe. Subiri mbao zipate joto kidogo kwanza.

Waliojenga nyumba hizi walizifanya zipumue. Karibu kila moja ina mahali pa kuotea moto na bomba la moshi. Moto wa kuni ukiwaka kila jioni, hewa nzito yenye mvuke ilivutwa na kutoka juu, na sakafu ilipata joto. Sisi tuliziba bomba la moshi kwa matofali kwa sababu popo waliingia, tukaleta mtungi wa gesi ndani, tukafunga madirisha. Mbao ni zile zile, maisha yaliyo juu yake yamebadilika.

Ila usije ukaamua kuikausha nyumba kwa jiko la makaa ukiwa umefunga madirisha. Makaa hayatoi mvuke mwingi, huo ni ukweli, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia zimelala na jiko ndani katika maeneo ya baridi na hazikuamka. Sakafu iliyolowa haijawahi kumuua mtu usiku.

Doa lenye umbo lile lile

Sasa kuna kesi nyingine ambayo Keringet inaweza kukupa na Nairobi isikupe.

Doa linatokea kila msimu wa mvua. Lina umbo lile lile, kama mraba au mistari miwili iliyopangana. Siku za jua kali halipo kabisa, linabaki vumbi jeupe kama chumvi. Nailoni inaonyesha unyevu chini, unaingia uvunguni na tochi, na chini ni kavu kama unga. Fundi anakuna kichwa.

Uliza nyumba ilikuwa nini kabla yako. Hapa ni nchi ya viazi na mahindi, na zamani pareto ilitawala. Vyumba vingi vya nyumba kubwa vilitumika kama bohari. Gunia la mbolea likikaa sakafuni miaka, hasa ile ya CAN, chembe zake zinashuka kwenye nyufa na kuingia ndani ya ubao. Mbolea hiyo ina naitreti, na naitreti hunywa maji moja kwa moja kutoka hewani unyevu ukipanda. Unajua vile gunia likiachwa wazi linavyogeuka tope? Ubao ulioshiba mbolea unafanya hivyo hivyo. Chumvi ya ng'ombe inaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na mkojo wa mifugo pia, kama chumba kiliwahi kulaza ndama.

Jaribu hivi. Subiri siku kavu, chukua kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu kidogo, ukikamue sana, upanguze hilo doa jeupe. Likirudi jeupe baada ya kukauka, rudia kesho. Kila mara unatoa chumvi kidogo. Tumia maji machache na ubadilishe kitambaa, maana ukimwaga ndoo unaisukuma chumvi ndani zaidi. Na tafadhali usionje, najua kuna mtu alikuwa anafikiria. Doa likikataa baada ya wiki kadhaa, badilisha mbao hizo tatu au nne peke yake. Kupaka vanishi juu ya chumvi ni kutupa pesa, itabanduka.

Tone lisilo la mvua

Mabati nayo hutoka jasho. Chumba kisicho na dari, au chenye dari iliyotoboka, kinaweza kudondoshewa maji alfajiri bila hata wingu. Mvuke wa ndani umepanda, umegusa bati lililopoa kwa anga tupu, umekuwa matone, na yanateleza hadi kwenye msumari au boriti na kuanguka. Utaona madoa madogo ya mviringo yaliyopangwa kwa mstari, mstari ule ule wa mbao za paa. Watu wengi wanaita fundi wa paa, anapaka lami kila tundu, na kesho yake matone yapo. Paa halivuji, linatoka jasho kama sakafu, na tiba ni ile ile ya dirisha pamoja na dari nzuri.

Kuhusu mabomba sitakuchosha. Funga mifereji yote usiku, soma mita ya maji, usome tena asubuhi kabla mtu hajafungua. Kama unatumia tangi, weka alama ya chaki kwenye kimo cha maji. Namba ikisogea, tafuta fundi wa mabomba.

Chini ya mbao

Kesi nzito kuliko zote ni unyevu unaopanda kutoka chini, kwa sababu huo ndio unaoozesha.

Zunguka nyumba nje, polepole. Chini ya kimo cha sakafu, kwenye ukuta wa msingi, utakuta vidirisha vidogo vya chuma au matofali yenye matundu. Hayo ndiyo mapua ya sakafu. Hesabu mangapi yapo na mangapi yamezibwa. Mtu alipanda maua na kuinua udongo hadi ukafunika mawili. Mtu mwingine alijenga baraza la simiti akafunika manne. Mwingine aliyapiga plasta kwa sababu panya waliingia. Udongo wa Keringet hauna shida ya kukosa maji, na unyevu wake ukikosa pa kutokea unaingia kwenye boriti, kisha kwenye mbao.

Tazama pia maji ya paa yanaenda wapi. Gata ikiwa imeanguka upande mmoja, mvua yote ya upande huo inamwagika kwenye msingi. Kama ardhi nayo inainamia nyumba, unajaza bwawa chini ya chumba chako kila Aprili.

Ndani, mbao zenyewe zinasema. Ubao unaolowa chini kuliko juu hujikunja, kingo zinainuka na katikati kunabonyea kama sinia. Lala chini, weka rula juu ya ubao mmoja, uone mwanga unapita wapi. Chukua bisibisi ubonyeze karibu na ukuta, pale ubao unapoishia. Ikizama kama kwenye keki, hapo pameoza. Mtarakwa utastahimili sana, si ajabu ndio unaotumika kwa nguzo za ua, na utautambua kwa wekundu wake na harufu ya penseli ukiukwaruza. Podo ni wa manjano mpauko na hauna ulinzi huo. Ukikaa na maji, unaoza haraka.

Ukiweza kuazima kipima unyevu wa mbao, kile chenye sindano mbili, kitakupa namba. Asilimia 12 hadi 16 si jambo la kukunyima usingizi katika hali ya hewa kama hii. Ikipita 20, kuvu anayeozesha anapata nafasi. Pima sehemu kavu pia, kwani pengo kati ya namba hizo mbili ndilo lenye maana kuliko namba yenyewe.

Usiingie uvunguni peke yako, nyuki, nyoka na misumari wapo. Kuna njia rahisi: funga simu kwenye fimbo, washa taa na video, uipitishe kwenye tundu la hewa au chini ya ubao mmoja uliolegea, uizungushe taratibu. Unatafuta udongo unaong'aa kwa maji, nyuzi nyeupe za kuvu kwenye boriti, au njia za udongo za mchwa zinazopanda nguzo.

Na hapa narudi kwa yule fundi wa msasa. Mbao zilizojikunja kama sinia zikipigwa msasa zikiwa na maji, zinapendeza siku hiyo. Miezi kadhaa baadaye, chini ikikauka, zinanyooka, na kwa kuwa kingo zilishakwanguliwa, katikati kunabaki kumeinuka kama mgongo wa kobe. Umelipa mara mbili na ubao umepungua unene. Kausha kwanza, subiri miezi, halafu ndiyo umwite. Wa simiti usimwite. Hata kapeti la plastiki, lile linalouzwa kwa mita mjini Molo na Nakuru, usilitandike juu ya mbao zenye unyevu. Litaficha maji yasionekane hadi siku mguu wa kitanda utakapotoboa sakafu.

Kazi yenyewe ya kurekebisha uvungu si ya ajabu. Rudisha gata. Ondoa udongo ulioegemea ukuta hadi uone jiwe la msingi, na uuinamishe mbali na nyumba. Tandika nailoni nzito juu ya udongo ule wa chini, ipandane kingo, ili mvuke usipande. Nyumba ikiwa ya kupanga, hayo ni ya mwenye nyumba, na hapo zile picha zako za siku saba zinaanza kufanya kazi. Nyumba ikiwa ya kogo, wikendi moja na binamu wawili wenye jembe inatosha kwa sehemu kubwa.

Anza na matundu ya hewa. Gonga plasta kwa patasi taratibu usivunje chuma kilicho ndani, kisha piga wavu mdogo wa waya kwa nje, maana malalamiko ya panya yalikuwa ya kweli. Hewa ya kwanza itakayotoka itanuka kama gunia la viazi lililosahauliwa. Simama pembeni uiache itoke, halafu uende kwenye tundu la upande wa pili.